Barua ya mteja isipotee: kupanga kichujio cha barua taka kwenye seva

Assalamu alaykum.

Mabibi na mabwana, wengi mliokaa hapa ndio mnaopigiwa simu usiku seva ikigoma: nyinyi wa hoteli za Nungwi na Paje, wa maskulini, na ndugu zetu waliovuka kutoka Pemba, ambao biashara zao za karafuu na mwani zinategemea barua pepe.

Barua taka ikipenya, mtu huifuta na kuendelea na kazi. Barua ya kweli ikipotea, hapana atakayejua. Wakala wa Milano ameulizia vyumba, kichujio kimeitupa barua yake kimyakimya, yeye akaona amepuuzwa na wageni akawapeleka kwengine. Hasara hiyo haionekani kwenye hesabu yoyote. Ndiyo maana nasisitiza: seva isitupe barua kimya. Ama iikatae mlangoni, ama iiweke kwenye folda ya taka ambako mwenyewe ataikuta.

Kukataa mlangoni ni kujibu 550, yaani namba ya "siipokei", wakati seva ya mtumaji bado imeunganishwa na yako. Hapo seva yake ndiyo itakayomwarifu. Ukiipokea kwanza kisha ukairudisha, jibu lako litakwenda kwa anwani iliyoandikwa kuwa ya mtumaji, na wenye barua taka hughushi anwani hizo. Utamsumbua asiyehusika, na seva yako mwenyewe itaishia kwenye orodha nyeusi, ile ya seva zinazojulikana kwa kutuma taka.

Tukizitaja orodha hizo, kuna mtego mkubwa. Wengi wameiagiza Postfix, programu inayopokea na kutuma barua kwenye seva, iulize Spamhaus, shirika linalotunza orodha hizo, kila inapopokea barua, na ni jambo jema. Lakini swali hilo husafiri kwa DNS, mfumo wa kutafutia anwani za mtandao, na likipitia DNS ya umma, kama 8.8.8.8 ya Google, Spamhaus hairudishi jibu la kawaida, hurudisha namba ya kosa: 127.255.255.254. Postfix isiyoelezwa namba zipi ndizo za kukataa huona kila mtumaji ameorodheshwa, na barua zote hugonga mwamba. Wekeni Unbound, programu ya kuuliza DNS, kwenye seva yenyewe, iulize moja kwa moja, na mtaje namba za kukataa waziwazi.

Mbinu ya kumwambia mtumaji mgeni ajaribu tena baadaye, kwa jibu la 450, inafanya kazi, ila kwa hoteli siipendi: mgeni anayesubiri uthibitisho wa chumba haelewi kwa nini barua imechelewa.

Sasa SpamAssassin, programu ya kuchuja barua taka. Hii huipa kila barua alama, na kwa kawaida ikifika 5 huhesabiwa taka. Musiishushe hadi 3 kwa hasira ya wiki moja. Angalieni badala yake kitu ambacho sisi kinatugusa kuliko wengi: mpangilio wa ok_languages. Mtu ananakili mafaili ya mtu wa Ulaya, ndani mmeandikwa en, yaani Kiingereza, peke yake, na kitambua lugha kikiwa kimewashwa, barua ya Kiswahili inaongezewa alama za ubaya kwa sababu tu ni ya Kiswahili. Nchi yetu, seva yetu, na lugha yetu inatiliwa shaka! Ongezeni sw, yaani Kiswahili.

Halafu ifundisheni. Sehemu yake ya Bayes, inayojifunza kutokana na maneno ya barua mnazoionyesha, haianzi kuhukumu mpaka ione barua taka 200 na barua njema 200. Wengi huilisha taka tu, wakaacha njema, kwa hiyo hailali wala haiamki. Kwenye Dovecot, programu inayotunza masanduku ya barua, mnaweza kupanga kwa Sieve, lugha ya kuandikia kanuni za barua, ili mtumiaji anapohamishia barua folda ya taka, au kuitoa humo, seva ijifunze hapo hapo.

Barua njema za kuanzia zichukueni kwa mhasibu, kwa ruhusa yake. Zake zimejaa ankara, benki, malipo ya haraka, dola. Maneno yale yale ya matapeli. Kichujio kikishazizoea hizo, za mapokezi hazitakisumbua. Karibuni maswali.