Shilingi 500 na Hoja Zake: Mhadhara juu ya Kikombe cha Loliondo

Mabibi na mabwana, karibuni. Waandaaji wameomba tuzungumzie hoja potofu na mbinu za ushawishi. Majina ya hoja hizo ni mengi, yamekusanywa tangu enzi za Aristotle, lakini mtu anaweza kuyakariri yote na bado akatapeliwa mchana kweupe. Kwa hiyo leo tunachukua jambo moja ambalo wengi mnalikumbuka, na wadogo mmesimuliwa, tulifungue polepole: kikombe cha Babu wa Loliondo.

Mwaka 2011 Ambilikile Masapila, mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kilutheri aliyejulikana kama Babu wa Loliondo, alikuwa akitoa dawa kijijini Samunge, Loliondo, wilaya ya Ngorongoro, kaskazini mwa Tanzania. Mizizi ya mti uitwao mugariga ilichemshwa, mgonjwa akanywa kikombe kimoja, kwa shilingi 500. Ilidaiwa kwamba dawa hiyo, aliyosema ameoteshwa na Mungu, inatibu UKIMWI, kisukari, saratani, pumu na mengineyo. Watu wakamiminika kwa maelfu, hata kutoka nchi jirani, na foleni ya magari ikaenda kilomita nyingi. Mzee huyo alifariki mwaka 2021.

Angalieni jambo moja. Sehemu kubwa ya yaliyosemwa wakati ule ilikuwa kweli. Watu walikwenda kweli, bei ilikuwa ndogo kweli, wapo waliorudi wakijisikia vizuri kweli. Uongo mtupu hukanushwa haraka. Kinachotusumbua ni ukweli uliobebeshwa hitimisho lisilo saizi yake.

Njia ya kulinasa kosa ni hii. Chukua karatasi, andika dai. Chini yake andika ushahidi uliotolewa. Kisha andika sentensi ya tatu, ile ambayo msemaji hakuitamka, inayouunganisha ushahidi na dai. Tuijaribu: “Babu angekuwa tapeli angetoza elfu hamsini. Anatoza mia tano tu, basi dawa ni ya kweli.” Sentensi iliyofichwa inasema: “Kila asiye na tamaa ya pesa, dawa yake inatibu.” Isomeni kwa sauti. Haihitaji tena kupingwa. Bei ndogo inaweza kutuambia kidogo kuhusu nia ya mzee; kuhusu mizizi haisemi chochote. Mtu mwaminifu kabisa anaweza kukosea kabisa.

“Mbona hata viongozi wamekunywa?” Hiyo ni hoja ya mamlaka, na mamlaka si kitu kibaya: fundi umeme akikuambia usiguse waya, usiguse. Swali ni kama cheo cha mtu kinahusu jambo linalobishaniwa. Waziri akinywa kikombe, tunajifunza kwamba waziri amekunywa kikombe. Na pale taarifa za awali zilipoeleza kwamba dawa ile haina sumu kwa kipimo kilichotolewa, mitaani habari ilifika ikiwa “wataalamu wameipitisha.” Kutodhuru na kutibu ni madai mawili, na kila moja lina vipimo vyake.

Sasa tufike kwenye shuhuda, maana hapa ndipo watu wenye akili zao huteleza. “Nilikunywa, nikapona.” Kwanza, magonjwa mengi yaliyotajwa hupanda na kushuka. Mtu husafiri kwenda kutafuta dawa akiwa hoi. Ukipima hali yake siku mbaya kuliko zote, kipimo kinachofuata kina nafasi kubwa ya kuwa nafuu, hata kama katikati alikunywa maji ya bomba. Pili, shinikizo la damu mara nyingi halina dalili, kwa hiyo “najisikia vizuri” haipimi kitu. Tatu, na hili ndilo lililogharimu maisha: mtu aliyekuwa akitumia vizuri ARV, yaani dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, akiziacha, virusi huanza kuonekana tena kwenye vipimo kwa kawaida ndani ya wiki chache, lakini anaweza kukaa miezi, pengine miaka, bila kuugua. Muda wote huo atatoa ushuhuda, na hatakuwa anasema uongo.

Halafu fanyeni hesabu. Tuseme watu 1,000 wanaumwa mgongo, na 300 kati yao wangepata nafuu wenyewe ndani ya mwezi. Wape wote maji ya uvuguvugu. Mwisho wa mwezi una mashahidi 300 wa kujaza vipindi vya redio mwaka mzima. Wale 700 wamenyamaza, na marehemu hapigi simu redioni. Kabla ya kuhesabu waliokunywa wakapona, uliza waliokunywa wasipone ni wangapi, na wasiokunywa wakapona ni wangapi. Pasipo hesabu hizo, ushuhuda hata ungefika elfu haupimi dawa.

Methali nazo hufanya kazi ya ajabu katika mabishano yetu. Mtu akisema “lisemwalo lipo, na kama halipo laja,” amejijengea dai lisiloweza kushindwa. Tuzipende methali, lakini tusizipe kazi ya maabara.

Dai lisiloweza kushindwa ndilo la kuogopa zaidi. Aliyepona, dawa imefanya kazi. Asiyepona, hakuwa na imani. Aliyehoji, anatumiwa na makampuni ya dawa. Jibu la tatu humshambulia msemaji na kuiacha hoja yake bila kuguswa. La pili hufuta kila ushahidi kinyume kabla haujafika mezani. Hapo uliza kwa upole: “Kama dawa hii haifanyi kazi, tungeona nini tofauti na tunachokiona sasa?” Asipokuwa na jibu, usiendelee kubishana.

Lakini tahadhari na upande wa pili. Hoja mbovu haithibitishi kwamba dai ni la uongo, na anayedharau mitishamba yote kwa sababu ya Loliondo naye anateleza vilevile. Dawa mseto ya malaria tunayopewa hospitalini ina kiambato kilichotokana na mmea, pakanga. Tu Youyou wa China alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kazi hiyo. Mmea ule ulitumika katika tiba za jadi tangu zamani. Kilichoufikisha hospitalini ni kutenga kiambato, kukijaribu kwa wanyama na kisha kwa wagonjwa, na kuhesabu pia wale ambao hawakupona.

Nyumbani, kumwambia shangazi “hiyo ni hoja potofu” ni kumfunga masikio. Kubali kilicho kweli kwanza: “Shangazi, nafurahi umepata nafuu. Naomba tu usiache vidonge mpaka twende ukapime.” Na tarehe ya kupima ikubaliwe siku hiyohiyo, pamoja na kipimo kitakachoangaliwa, kabla majibu hayajajulikana, ili asiwepo wa kubadili maelezo yakishatoka.