Tundu la Pipa Linasema Kuliko Bango: Kutenganisha Taka Kwenye Bustani za Burudani

ZUHURA: Karibuni tena. Leo tunaingia kwenye bustani za burudani, ila hatupandi bembea wala treni. Tunafunua mapipa. Kaka Baraka, kwa nini bustani yenye mapipa ya rangi tatu bado inapeleka karibu kila kitu dampo?

BARAKA: Kwa sababu rangi hazitenganishi taka, dada. Mgeni ameshika mtoto mkono mmoja na sinia mkono wa pili, na foleni ya mchezo unaofuata inazidi kurefuka. Hasimami kusoma bango. Kinachomwongoza ni tundu. Pipa la chupa na makopo lipewe tundu la mviringo la sentimita 12 hadi 15, la karatasi mwanya mwembamba, la taka zilizobaki mdomo mpana.

ZUHURA: Tundu tu?

BARAKA: Tundu tu. Kuna utafiti wa Marekani wa 2009 uliolinganisha vifuniko vya kawaida na vile vyenye matundu maalumu. Utupaji sahihi wa chupa na makopo uliongezeka kwa asilimia 34, na uchafu ndani ya pipa la kurejeleza ukashuka kwa asilimia 95. Pipa lilikuwa lilelile, kilichobadilika ni kifuniko.

ZUHURA: Halafu lipangwe wapi?

BARAKA: Mapacha, siku zote. Pipa la chupa likisimama peke yake, kabla ya saa sita mchana limeshakuwa pipa la nepi. Na pipa la taka likisimama peke yake linameza chupa. Yakae bega kwa bega, mpangilio uleule bustani nzima: chupa kushoto, zilizobaki kulia. Ukiyageuza kona moja tu, umevuruga mazoea uliyojenga kwingine kote. Sehemu zenye faida ni tatu: njia ya kutokea sehemu ya kulia chakula, mwanzo wa foleni ambapo watu wanamalizia vinywaji kabla ya kupanda, na nje ya vyoo.

ZUHURA: Sasa tuje kwenye adui ambaye wengi hawamhesabu.

BARAKA: Kinywaji kilichobaki! Chukua bilauri moja yenye mililita 200 za soda na barafu. Ni gramu 200. Bilauri 20 kwenye mfuko mmoja, tayari umebeba kilo 4 za maji ya sukari. Yanalowesha karatasi, yanaita nyuki, mfuko unapasuka njiani, na kiwanda kinakataa mzigo kwa sababu maboksi yamelowa.

ZUHURA: Dawa yake ni ya bei rahisi mno, ndiyo maana inanishangaza kuona inakosekana. Weka sinki au dumu la lita 20 lenye chujio juu, kabla ya mapipa, siyo baada yake. Mtu amwage kwanza, kisha atupe. Barafu inabaki kwenye chujio, inayeyuka yenyewe.

BARAKA: Na dumu libadilishwe likifika lita 15. Likijaa pomoni halibebeki bila kumwagika, na mfanyakazi ataanza kulikwepa. Hapo mpango wote umekufa.

ZUHURA: Mimi nina ugomvi na bilauri zenyewe. Zile za plastiki ya mimea.

BARAKA: PLA. Kwa macho huwezi kuitofautisha na PET, plastiki ya chupa ya maji. Ukiitumbukiza majini haikusaidii pia, zote mbili huzama. Ila PLA huyeyuka mapema sana, kwenye nyuzi joto 150 hadi 180, wakati PET inayeyushwa kwenye 250 na zaidi. Zikichanganyika, PLA inaungua ndani ya PET na kuacha madoa na ukungu.

ZUHURA: Na kwenye mboji ya kawaida ya bustani haiozi kwa wakati. Inataka mtambo wenye joto la karibu nyuzi 60 kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo bustani inayonunua bilauri za PLA bila kuwa na mtambo wa aina hiyo jirani imenunua taka za dampo kwa bei ya juu.

BARAKA: Ndiyo maana nasema kazi inaanza kwa mtu wa manunuzi. Chagua aina moja ya bilauri, aina moja ya chupa. Ufaransa wamekwenda mbali zaidi: tangu Januari 1, 2023, migahawa yenye viti 20 au zaidi lazima impe anayekula hapohapo vyombo vya kuoshwa. Swali la pipa gani linakufa, unabaki na swali la mashine ya kuoshea.

ZUHURA: Tuzungumzie jikoni na stoo basi, maana wageni ndio wanaopigiwa kelele wakati nyuma ya pazia ndiko kuna mzigo.

BARAKA: Mzigo safi, tena. Maboksi ya bidhaa, nailoni za kufungia shehena, mafuta ya kukaangia, maganda ya jikoni. Hayajaguswa na mgeni. Mashine ya kufunga marobota ya maboksi ikae mlangoni pa stoo, siyo mwisho wa yadi. Ukianza kutenganisha, anza huko. Wafanyakazi ni walewale kila siku, unaweza kuwafundisha.

ZUHURA: Na utajuaje kama mpango unafanya kazi?

BARAKA: Unamwaga. Chukua mifuko 10 kutoka eneo moja, pima kila mmoja, mwaga kwenye turubai, chambua kwa makundi, pima kila kundi. Mfuko wa kurejeleza wenye kilo 6 ukikutwa na kilo 1.5 za visivyohusika, uchafu ni asilimia 25, na viwanda vingi havitakubali. Fanya siku ya kazi na siku ya mwisho wa wiki, kila moja na hesabu yake. Usizichanganye.

ZUHURA: Na mifuko ya kurejeleza iwe angavu, ili msimamizi aone kilichomo bila kufungua. Toroli nalo liwe na vyumba viwili. Mgeni akiona mifuko yote miwili inarushwa kwenye chumba kimoja, hutamshawishi tena.

BARAKA: Nikuulize: Magic Kingdom, bustani ya Disney kule Florida, wana mabomba ya kufyonza taka tangu 1971. Wengi wanadhani ndiyo suluhisho la kutenganisha.

ZUHURA: Ni suluhisho la usafirishaji. Mfumo wa Kiswidi: wafanyakazi wanatoa mifuko kwenye mapipa ya wageni, wanaitia kwenye vituo, hewa inaivuta kwa mabomba yenye kipenyo cha nusu mita hivi. Ulibuniwa magari ya taka yasionekane. Kilichoingia kimechanganyika kinatoka kimechanganyika.

BARAKA: Mimi nampenda Holle Bolle Gijs, pipa lenye umbo la mtu kwenye bustani ya Efteling, Uholanzi. Yupo tangu 1959. Mdomo wazi, anaita „Papier hier!”, yaani karatasi hapa, na anaivuta karatasi kwa hewa. Watoto wanaipenda kazi ya kulisha. Kuna tundu lililopata sauti.

ZUHURA: Kama bustani ya Puy du Fou, Ufaransa, walivyofundisha kunguru sita mwaka 2018 kuokota vipande vya sigara ili kisanduku kiwape chakula. Kunguru sita hawasafishi bustani. Ila mgeni akimwona ndege anaokota, anaona aibu kutupa.

BARAKA: Kabla hatujafunga: betri. Bustani zinauza vifimbo na pete zinazowaka usiku, na wageni wanakuja na betri za kuchajia simu. Betri ya lithiamu ikibanwa kwenye gari la kushindilia taka, inashika moto ndani ya mzigo wa karatasi.

ZUHURA: Sanduku lake likae wapi?

BARAKA: Kaunta ya duka linalouza vitu hivyo, na la pili langoni pa kutokea. Ndoo ya chuma yenye mchanga mkavu, na gundi ya utepe pembeni ya kuziba ncha za betri. Wala usiiweke karibu na mapipa mapacha, maana watatupia bilauri humo.