Pawa Saplai Iliyopoa na Kutulia: Joto Linakotoka na Linakopaswa Kwenda

Ndugu Mwenyekiti, mafundi wenzangu, na wanafunzi mliokubali kuitoa jioni yenu kwa ajili ya kifaa ambacho watu wengi hawakikumbuki mpaka kitoe harufu ya kuungua, nawashukuru. Nimeombwa nizungumzie namna ya kuifanya pawa saplai ya kompyuta ya mezani, yaani kisanduku kinachoigawia kompyuta umeme, ipoe bila kupiga kelele, na ni afadhali niseme mapema ninaposimama, ili anayetaka kunipinga apate muda wa kujiandaa. Feni huvuma kwa sababu kuna joto la kuondolewa. Kwa hiyo anayetaka utulivu na aanze kwa kupunguza joto lenyewe, afuatie kwa kulifungulia njia ya kutokea, na feni aiguse mwisho kabisa. Wengi wetu huanza na feni, kwa kuwa ndiyo inayosikika.

Joto hilo huzaliwaje? Umeme wa ukutani, ambao hapa Tanzania ni wa volti 230 na hugeuza mwelekeo na kurudi mara 50 kwa sekunde, haufai kuingia kwenye kompyuta kama ulivyo. Pawa saplai huunyoosha kwanza uwe wa mwelekeo mmoja kama wa betri na kuulimbikiza katika kapasita kubwa, kisha transista huukatakata makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde ili upite katika transfoma ndogo, na mwishoni hunyooshwa tena na kusawazishwa kuwa volti 12, volti 5 na volti 3.3. Katika kila hatua kuna kiasi kinachopotea, na kiasi hicho hugeuka joto ndani ya kisanduku kile kile, ambacho upana wake ni sentimita 15 na kimo chake hakifiki sentimita 9.

Tuchukue hesabu. Kompyuta inayotumia wati 200, ikipewa pawa saplai yenye ufanisi wa asilimia 80, itavuta wati 250 ukutani, na wati 50 zitabaki ndani ya pawa saplai zikiwa joto. Ikipewa yenye ufanisi wa asilimia 90, itavuta wati 222 hivi, na joto litakuwa wati 22. Mtu akitazama 80 na 90 huona tofauti ndogo, kumbe joto limepungua kwa zaidi ya nusu. Sasa ipelekeni hesabu hiyo kwenye hewa. Kuondoa wati 50 kwa hewa inayoruhusiwa kupanda nyuzi 10 tu kati ya kuingia na kutoka kunahitaji lita nne na kidogo za hewa kila sekunde, ilhali wati 22 zinatosheka na lita zisizofika mbili. Kiasi cha hewa kinachosukumwa na feni hulingana na kasi ya mzunguko wake, kwa hiyo feni ile ile inaweza kuzunguka chini ya nusu ya kasi ya awali. Na kelele za feni hushuka kwa takriban desibeli 15 kila kasi inapopunguzwa nusu. Sikio huhisi upungufu wa desibeli 10 kuwa ni kama sauti imepungua nusu, hivyo hizo 15 zinatosha kuitenganisha kompyuta inayosikika chumba cha pili na ile ambayo mwenyewe huinama kuhakikisha kama imewaka.

Ndiyo maana mimi husoma daraja la ufanisi kabla ya kusoma wati. Mpango wa 80 PLUS, ulioanza mwaka 2004, huzipima pawa saplai na kuzipa madaraja. Katika kipimo chake cha volti 115, ile ya Bronze hutakiwa kufikia asilimia 85 ikiwa imebeba nusu ya mzigo wake, na ya Gold asilimia 90. Kwa umeme wetu wa volti 230 ufanisi huwa juu kidogo, kwa kuwa mkondo unaohitajika kupitisha wati zile zile ni mdogo. Hata hivyo, vipimo hivyo hufanywa katika chumba cha nyuzi 23 hivi, na chumba kisicho na kiyoyozi hapa Dar es Salaam mwezi wa Februari hupita nyuzi 30 kabla hata kompyuta haijawashwa. Kwa kuwa feni huongozwa na kipimajoto kilicho ndani, hapa kwetu huanza kukimbia mapema kuliko mnunuzi alivyotarajia aliposoma maelezo ya bidhaa. Tazameni pia maandishi yanayosema wati hizo zimehakikishwa katika nyuzi ngapi, maana iliyohakikishwa katika nyuzi 50 imejengwa kwa kufikiria mazingira ya moto kama yetu.

Kuhusu ukubwa, sishauri mtu anunue pawa saplai ya wati 1000 kwa kompyuta ya ofisini inayotumia wati 60, kwa sababu ufanisi huwa bora karibu na nusu ya mzigo na huanguka mzigo unapokuwa mdogo mno. Kompyuta inayofika wati 250 inapofanya kazi nzito hukaa vizuri na pawa saplai ya wati 500. Zile nyepesi zinazotolewa bure pamoja na kasha, nazo zimebandikwa wati 500, sitazizungumzia zaidi ya kusema kwamba uzito wake mkononi husema kweli kuliko kibandiko.

Njia ya hewa ina historia yake. Kampuni ya Intel ilipotoa vipimo vya ATX, yaani mpangilio wa kompyuta za mezani na pawa saplai zake, mwaka 1995, wazo la awali lilikuwa feni ya pawa saplai ivute hewa ya nje na kuipuliza ndani ya kasha kuelekea kwenye prosesa, ili feni moja ifanye kazi mbili. Ikawa prosesa inapulizwa hewa iliyokwisha kupata moto, na baadaye mwelekeo ukageuzwa, pawa saplai ikaanza kuvuta hewa ya kasha na kuitoa nje. Kwa miaka mingi ilifungwa juu, mahali ambapo joto la prosesa na la kadi ya grafiki hupanda, nayo ikawa inapozwa kwa hewa ya moto. Makasha mengi ya siku hizi huiweka chini, ikiwa na tundu lake la kuvutia hewa ya nje na chujio la vumbi. Kasha likiwa na tundu hilo, feni ielekezwe chini. Lisipokuwa nalo, ielekezwe juu, kwani feni iliyobanwa dhidi ya bati haivuti kitu. Na kasha lenye tundu la chini lisiwekwe juu ya zulia, wala lisisukumwe ndani ya kabati la meza lililozibwa nyuma, ambako hewa ya moto inayotoka huzunguka na kuvutwa upya.

Hapo tunafika kwenye vumbi. Vumbi hupunguza hewa inayopita na hulala juu ya sahani za kupoza kama blanketi, na kwa sisi wa pwani hunyonya unyevu wenye chumvi, hivyo huweza kupitisha umeme mahali usipotakiwa kupita. Chujio lioshwe mara kwa mara. Pawa saplai yenyewe izimwe, waya wake uchomolewe, ipulizwe kwa blowa kutoka nje kupitia wavu, huku mapanga ya feni yamezuiwa kwa kijiti ili yasizungushwe kwa kasi ya kuharibu beringi. Kuifungua ni jambo jingine. Kapasita kubwa niliyoitaja hushikilia volti 325 au zaidi, na katika pawa saplai nyingi za kisasa hukaribia 400, na huweza kubaki na umeme huo hata baada ya waya kuchomolewa. Asiyejua kuupima na kuutoa asifungue, na mwanafunzi asifungue peke yake hata kama anajua.

Feni nitaipitia kwa haraka. Feni ya milimita 120 au 140 husukuma hewa ile ile kwa mzunguko wa polepole kuliko ile ya milimita 80 ya zamani, na beringi ya kimiminika hudumu kuliko ile ya kawaida, hasa feni ikilazwa mlalo juu ya joto. Ziko pia pawa saplai ambazo feni husimama kabisa mzigo ukiwa mdogo. Ni jambo zuri katika studio ya kurekodia sauti, lakini katika chumba chetu cha Februari mimi huchagua feni izunguke polepole muda wote, kwa kuwa maisha ya kapasita hukadiriwa kuongezeka mara mbili kwa kila nyuzi 10 zinazopunguzwa, na mzunguko huo wa polepole hausikiki kwa mtu aliyekaa mezani.

Kuna mlio ambao hautoki kwenye feni: sauti nyembamba inayobadilika mtumiaji anapofungua mchezo wa kompyuta. Huo ni mtetemo wa koili, yaani waya uliozungushwa ndani ya pawa saplai, hauashirii hitilafu, na kusafisha hakuuondoi. Mwingine ni mngurumo unaosikika umeme wa ukutani unapokatika na kompyuta ikabaki kwenye yupiesi, kile kifaa chenye betri cha kuilinda umeme ukikatika. Yupiesi nyingi za bei nafuu hutoa umeme wa ngazi ngazi, ambao pawa saplai nyingi za kisasa huupokea kwa shida. Anayeusikia mngurumo huo wakati wa giza tu, kisha ukaisha umeme uliporudi, aiache pawa saplai yake na atafute yupiesi inayotoa wimbi laini. Sasa nipo tayari kwa maswali.