Fundo la Manyoya Linauma

Kamwene, ndugu zangu wa Kihesa. Asanteni kwa kuacha shughuli zenu za Jumamosi mje tujifunze kufumua mafundo ya manyoya ya mbwa.

Nianze na mbwa wetu, Popi. Jirani alihama akatuachia. Manyoya marefu yamesokotana nyuma ya masikio na kwapani, yamejaa mbegu za kishona nguo. Ukimgusa anajikunyata, mkia kauficha, analambalamba midomo na hali hana anachokula. Nikasema huyu mkali. Nikachukua mkasi. Hapa naomba mnisikilize sana: fundo likikaza huivuta ngozi ikaingia ndani yake. Unadhani unakata manyoya, kumbe unakata ngozi. Popi alilia, nikaona damu. Hakuwa mkali yule, alikuwa anaumia.

Sogeeni muone. Vidole viwili nashika hapa shinani, kati ya fundo na ngozi, ili nikivuta, mvuto uishie vidoleni mwangu. Mafuta ya nazi kidogo. Naligawa fundo kwa vidole vipande vipande, ndipo chanuo la meno mapana liingie, kuanzia nchani nikirudi shinani taratibu. Ukianzia shinani unalikaza. Fundo moja, nampa kipande cha maini ya kuchemsha, basi. Dakika 5, kesho tena. Popi alituchukua wiki 3, na sioni kama tulichelewa.

Kuogesha kuje mwisho. Fundo likilowa na kukauka hukaza zaidi, na kwa baridi yetu ya Juni na Julai unyevu unabaki ndani, ngozi inatoka vidonda. Mwogeshe mchana, juani, umfute mpaka akauke.

Akinguruma, acha. Usimpige: mbwa aliyekomeshwa kunguruma hung'ata bila kukuonya. Na aking'ata, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Kichaa cha mbwa hakisubiriwi dalili.

Fundo lililogandamana na ngozi kama mkeka, au linalonuka, msilihangaikie nyumbani. Chini yake huenda kuna kidonda, hata funza. Huyo mpelekeni kwa daktari wa mifugo amnyoe kwa mashine.

Popi ni yule pale mlangoni, aliyelalia viatu vyenu. Anayetaka kujaribu aje, ila aanze kwa kumnusisha mkono.