Dakika 40 bila mpira: namba tatu kama Luol Deng

Haya jamani, sogeeni mbele kidogo, na nyie mliosimama mlangoni ingieni tu, viti vipo huku upande wa dirishani. Asanteni kwa kuja, na wazazi mlioongozana na watoto shikamooni.

Nilivyoambiwa nije niongee kuhusu mchezaji wa NBA, ile ligi ya kikapu ya Marekani, najua wengi mlitegemea LeBron, au Giannis, na wapo watakaosema mbona usituletee Hasheem Thabeet wetu, aliyechaguliwa namba 2 kwenye drafti ya 2009, yaani pale timu za NBA zinapochagua wachezaji wapya, huyu katoka hapa hapa Dar. Hasheem nampenda na ana siku yake, lakini Hasheem ni senta, yaani namba tano, na mimi leo nna shida na namba tatu, yule mshambuliaji wa pembeni. Kuna kijana mmoja namfundisha, jina simtaji, ana mikono mirefu, ana kasi, ana kila kitu, juzi kagoma kabisa kucheza namba tatu, ananiambia kocha huko pembeni hamna mpira, nitaonekana saa ngapi? Nilikosa jibu pale pale. Nikarudi nyumbani nikawaza usiku kucha, na jibu nililolipata ni mtu, anaitwa Luol Deng.

Kwa wale wasiomfahamu, huyu kazaliwa Wau mwaka 1985, wakati huo ni Sudan moja, leo ni Sudan Kusini. Mdinka. Baba yake alikuwa waziri kwenye serikali, vita ikageuka, familia ikakimbilia Misri. Na huko Misri ndo wakakutana na Manute Bol, mmoja wa warefu kuliko wote, Mdinka mwenzao aliyekuwa anacheza NBA, akawa anawafundisha watoto wa wakimbizi kushika mpira. Hebu fikiria, mtoto hana nchi, hana shule ya kueleweka, halafu anayemuonyesha jinsi ya kurusha ni mtu wa kabila lake aliyefika kule juu kabisa. Baadaye wakapewa hifadhi Uingereza, wakakaa kusini mwa London, na kule mtoto alikuwa anapenda mpira wa miguu, Arsenal damu damu mpaka leo. Akiwa na miaka 14 akavuka kwenda shule ya Blair kule New Jersey, na alipomaliza, wale wanaopanga vijana wa sekondari Marekani nzima walimweka wa pili. Wa kwanza mwaka huo alikuwa LeBron James. Mwaka mmoja chuo cha Duke, halafu drafti ya 2004, Phoenix Suns wanamchagua namba 7 na hapo hapo wanampeleka Chicago Bulls. Ana miaka 19.

Sasa twende kwenye kazi yenyewe, hapa ndo nataka mnisikilize.

Namba moja anabeba mpira, kila mtu anamuona. Namba tano yuko chini ya ringi, mrefu, anaonekana hata akilala. Namba tatu yuko pembeni kule, na kwenye shambulizi zima anaweza akagusa mpira sekunde mbili au asiguse kabisa. Deng alikuwa na urefu wa kama mita 2.06, akawa anaishi hivyo. Hakuwa mtu wa kudribo mara kumi mbele ya beki, hakuwa mrukaji wa kutisha, kilichompa pointi ni shingo ya beki wake. Yaani beki akigeuza shingo kuangalia mpira uko wapi, sekunde ile ile Deng keshakata nyuma yake kwenda ringini, pasi inakuja, leyapu, yaani anautia karibu kabisa na ringi, kwisha. Beki akishaumwa mara mbili anarudi nyuma kumlinda, basi Deng anabaki pale pale kwenye kona au anasogea hatua mbili ndani anapiga jampu shoti. Ukiangalia mechi zake usiangalie mpira, muangalie yeye tu dakika tano mfululizo, utakuta hajasimama hata mara moja. Nawaambia nimefanya hivyo usiku mwingi na kila mara najifunza.

Msimu wa 2006-07 alikuwa na wastani wa pointi 18.8, na kwenye mtoano wakakutana na Miami Heat, mabingwa watetezi, wana Shaquille O'Neal, wana Dwyane Wade. Mechi ya kwanza Deng kawapiga pointi 33, na Chicago wakawafagia mabingwa 4-0. Mwaka huo huo ligi ikampa tuzo ya uungwana uwanjani. Kijana wa miaka 22 hiyo.

Halafu 2009 mfupa wa mguu ukapata ufa, akakosa mtoano, na maneno yakaanza, kwamba ni mlegevu, hana moyo. Mtu mwenye ufa kwenye mfupa! Nasikia uchungu kila nikiikumbuka hii manake na huku kwetu tunafanya hivyo hivyo, mtoto anasema goti linauma tunamuita muoga, na mimi nimewahi kulisema hilo neno kwa mtoto ambaye baadaye tuligundua kaumia kweli, sitalisema tena.

2010 anakuja kocha Tom Thibodeau, na hapo ndo Deng anakuwa Deng. Staili ya difensi ya Thibodeau ilikuwa hivi: mwenye mpira hapewi njia ya katikati, anasukumwa pembeni kwenye mstari, na wengine wote wanajazana upande ule wenye mpira. Ni nzuri sana ila ina gharama, manake upande wa pili unabaki na watu wachache, na mmoja wao lazima awe na miguu ya kukimbia kutoka karibu na ringi mpaka nje kwenye mstari wa pointi tatu kila pasi ikirushwa upande wake, anafika mkono juu, kisha anarudi tena ndani kwa ajili ya ribaundi, kudaka mpira uliokosa ringi. Mara ngapi kwa mechi? Huwezi kuhesabu. Huyo mtu alikuwa Deng. Na juu ya hiyo kazi ndo yeye anapewa LeBron amlinde, kesho Carmelo Anthony, keshokutwa Paul Pierce. Hakuna usiku wa kupumzika kwa namba tatu, timu nyingi fundi wao mkubwa wa kufunga yuko kwenye nafasi yako.

Msimu wa kwanza wa Thibodeau Chicago wakashinda mechi 62, Derrick Rose akawa MVP, mchezaji bora wa ligi, na Deng akacheza mechi zote 82, zote, zaidi ya dakika 39 kwa mechi ambayo ina dakika 48. Msimu uliofuata akaongoza ligi nzima kwa dakika, 39.4. Uliofuata tena akaongoza, 38.7. Misimu miwili mfululizo hakuna binadamu aliyekaa uwanjani kwa wastani mkubwa kuliko yeye! Akaitwa mechi ya mastaa 2012 na 2013, na 2012 akaingia timu ya pili ya difensi bora ya ligi. Sasa kijana wangu anauliza nitaonekana saa ngapi, mi namuuliza, kocha anayetaka kushinda anamuacha uwanjani nani dakika 40? Anamuacha mtu anayemuamini macho yake yakiwa kwingine.

Lakini siji hapa kuwapaka mafuta. Mimi ni kocha na nasema wazi, walimtumia kupita kiasi. Mwaka 2012 alichanika kano kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, akakataa upasuaji, akacheza hivyo hivyo mpaka msimu ukaisha na akaenda kucheza Olimpiki ya London kwa timu ya Uingereza, nchi iliyompokea akiwa mtoto. 2013 kwenye mtoano dhidi ya Brooklyn akaugua, akapimwa maji ya uti wa mgongo, akatoka pale hoi kabisa, amepungua kilo, akakosa mechi za mwisho. Januari 2014 Chicago wakamuuza Cleveland katikati ya msimu. Miaka karibu kumi, halafu siku moja unaambiwa panda ndege. Baada ya hapo Miami misimu miwili mizuri tu, kisha Lakers mwaka 2016 wakampa mkataba wa miaka minne dola milioni 72, na mwili ulikuwa umeshalipa deni tayari, msimu wa 2017-18 alicheza mechi moja. Moja tu. Watu wengi wanamkumbuka kwa huo mkataba, na naona ni dhuluma, manake zile dakika alizitoa Chicago akiwa kijana. Makocha wenzangu mliopo hapa, mtoto wa miaka 16 asicheze mechi tatu kwa siku kwenye bonanza kwa sababu tu ndo bora wetu, tafadhali sana.

Na kuna lile la 2014 pia, meneja wa Atlanta Hawks alipomzungumzia kwenye kikao akasoma kwamba huyu jamaa ana Uafrika ndani yake, akimaanisha kwa ubaya, kwamba mbele anaonekana mzuri nyuma anakuficha mambo. Lilipovuja Deng aliandika barua kwamba anajivunia kuwa Mwafrika na ana Uafrika mwingi tu ndani yake, na akaendelea na kazi. Mwaka ule ule alikuwa amepata tuzo ya NBA ya kuhudumia jamii.

Misimu 15, mechi 902, wastani wa pointi 14.8. Oktoba 2019 akarudi Chicago kusaini ili astaafu akiwa mtu wa Bulls.

Wengi wakistaafu wanaenda kwenye televisheni. Huyu mwaka huo huo kawa rais wa shirikisho la kikapu la Sudan Kusini, nchi iliyopata uhuru 2011, ambayo hata uwanja wa ndani wa kufanyia mazoezi haikuwa nao, na hela nyingi za safari na hoteli zikawa zinatoka mfukoni kwake. Januari 2020 Nairobi, mashindano ya awali ya kufuzu AfroBasket, ubingwa wa kikapu wa Afrika, mnajua nani alikaa kwenye benchi kama kocha? Yeye mwenyewe, milionea, anapanga wachezaji na kuita taimauti. Na Kenya wakawatoa! Ndugu zetu Morans wakawatoa. Baadaye nchi nyingine ikajitoa, nafasi ikapatikana, wakaingia, na Agosti 2021 pale Kigali wakakutana tena na Kenya kwenye AfroBasket, safari hii Sudan Kusini 60, Kenya 58. Hizo pointi mbili mi bado zinaniuma kama jirani, ila zilikuwa halali yao.

Kocha mkuu akawa Royal Ivey, Deng akarudi pembeni, msaidizi, kwenye nafasi yake ile ile ya siku zote. Kufuzu Kombe la Dunia wakashinda mechi 11 kati ya 12. Manila 2023 wakawapiga China 89-69, Ufilipino 87-68, Angola 101-78, na ile ya Angola ikawapa tiketi ya Olimpiki ya Paris kama timu bora ya Afrika. Nchi ya miaka 12!

Tarehe 20 Julai 2024, mechi ya kirafiki na Marekani, jiji ni London, lile lile lililompokea mkimbizi mdogo. Marekani wana LeBron, wana Curry, wana Embiid. Mapumziko Sudan Kusini wako mbele kwa pointi 14, Carlik Jones wa Sudan Kusini anatoka na tripo-dabo, yaani kumi au zaidi kwenye pointi, ribaundi na pasi za kufungisha, na dakika ya mwisho wako mbele kwa pointi moja, LeBron anaingia ringini zimebaki sekunde 8, 101-100. Nilikuwa naangalia na wanangu sebuleni, mdogo alilia. Siku nane baadaye pale Lille, mechi ya kwanza ya Olimpiki dhidi ya Puerto Rico, wimbo wa taifa unapigwa na ni wimbo wa Sudan, wa nchi ile waliyojitenga nayo. Wachezaji wamesimama, wanaangaliana, mashabiki wanazomea, muziki unakatwa, zinapita dakika kadhaa ndipo unapigwa wa kwao, mikono iko vifuani. Kisha wakashinda 90-79.

Kwenye timu ile alikuwepo Khaman Maluach, miaka 17, amelelewa Uganda, Kampala hapo jirani, kaanza kushika mpira wa kikapu akiwa na miaka 13 hivi. Mwaka uliofuata kachaguliwa namba 10 kwenye drafti ya NBA, na mtakumbuka nilisema nani alimchagua Deng 2004 wakamwachia siku hiyo hiyo. Maluach kaishia hapo hapo, Phoenix.

Haya, saa kumi na nusu hii, jua limepungua, tutoke uwanjani. Mnajigawa watano watano, namba tatu wote nianze nanyi, na wewe kijana wangu najua upo umejificha nyuma ya yule mwenye jezi nyekundu, njoo uwe wa kwanza. Dakika nane za kukata na kurudi, beki akigeuza shingo unaondoka. Na hiyo mipira iacheni humu humu ndani kwanza.