Mbao Hazijakauka

RAMA: Shikamoo dada.

ZUHURA: Marahaba, mdogo wangu. Leo nimekuja na hasira, na nimekuja na mbao.

RAMA: Nimeiona hapo mezani. Hii ya wapi?

ZUHURA: Ya kabati la mama. Wanaotusikiliza wanalijua hilo kabati, tumelitaja sana. Milango mitatu, mninga, droo mbili chini. Nililiagiza kwa fundi seremala wa Keko, hapa hapa Dar, kabla ya Ramadhani. Iddi imepita, masika imetunyeshea na kukatika, na sasa watu wanaulizana bei za mbuzi wa Iddi ya kuchinja. Mama tangu ahamie kwangu nguo zake ziko kwenye mabegi. Akitaka kanga ya kuvaa msibani anafukua begi zima.

RAMA: Bado tu?

ZUHURA: Subiri. Simu nimepiga mpaka nimechoka. Inaita, haipokelewi. Nikituma meseji, kimya. Jumamosi nikapanda daladala nikaenda. Nimefika mlangoni kwa fundi, yeye amenipa mgongo, nikaamua nipige tena nikiwa nimesimama pale pale. Simu ikaita juu ya meza ya kazi. Akaitazama, akaona jina langu, akailaza kifudifudi, akaendelea kupiga msasa kitanda cha mtu mwingine.

RAMA: Na wewe uko nyuma yake?

ZUHURA: Hatua tatu. Nikasema, "Hodi, fundi." Akageuka. "Ah, dada yangu, karibu, ndiyo nilikuwa nataka kukupigia!"

RAMA: [anacheka]

ZUHURA: Usicheke, Rama. Mimi niliumia.

RAMA: Pole dada. Akakwambiaje?

ZUHURA: "Mbao hazijakauka." Basi. Miezi yote ile, maneno mawili. Nikamwambia nipe kipande, nakipeleka kwa mtu anayejua. Mtu mwenyewe ni wewe, mtoto wa seremala. Niambie kama nadanganywa, halafu tuingie kwenye mada, maana leo tumeandaa mambo matatu ya kumuuliza fundi kabla hujatoa advansi.

RAMA: Lete. [anagonga mbao mezani] Kwanza huu ni mninga kweli. Tazama hii hudhurungi yenye wekundu, na huku pembeni hii sehemu nyeupe. Hii nyeupe ndiyo ya nje ya mti, wadudu wanaila. Ya ndani hawaigusi kirahisi. Kabati likija ukakuta weupe kwenye fremu, mkatalie.

ZUHURA: Imekauka au haijakauka?

RAMA: Bichi. Isikie uzito. Na inanukia bado. Mninga ukiwa msituni ukiukata unatoa utomvu mwekundu, ungesema umechinja mnyama. Mzee alikuwa anasema mti huu una damu, usiukate kwa haraka.

ZUHURA: Kwa hiyo fundi amesema kweli.

RAMA: Kuhusu mbao, kweli kabisa. Ngoja nikueleze, maana watu wanadhani kukauka ni mbao kuacha kulowana juu. Mbao mbichi ina maji ya namna mbili. Yapo yaliyojaa kwenye matundu yake, na yapo yaliyoshikwa ndani ya nyama yenyewe ya mti. Ya matundu yanatangulia kutoka, na yakitoka mbao haibadiliki umbo. Unyevu ukishashuka mpaka kama asilimia 30 ya uzito wa mbao kavu, ndipo yanaanza kutoka ya ndani, na hapo mbao inaanza kusinyaa. Na haisinyai sawasawa! Kwa urefu ni kama haipungui. Kwa upana inapungua, na inavyopungua kuzunguka duara la gogo ni kama mara mbili ya inavyopungua kuelekea moyo wa mti. Ndiyo maana mbao inapinda.

ZUHURA: Hapo ndipo droo inapogoma.

RAMA: Droo inagoma masika kwa sababu mbao inakunywa unyevu wa hewani na kuvimba. Kiangazi inalegea. Kwa hewa yetu hii ya Dar, mbao hata uiache mwaka mzima inatulia kwenye asilimia 14, 15 hivi, haikauki zaidi ya hapo. Sasa chukua meza uliyotengenezewa Keko, ipeleke Dodoma kwenye hewa kavu, au iweke sebule yenye kiyoyozi kutwa kucha. Utasikia inalia usiku, kra! Imepasuka.

ZUHURA: Meza ya shemeji yangu ilipasuka Dodoma! Tukasema fundi tapeli.

RAMA: Inawezekana fundi hakuacha nafasi. Paneli ya mlango haigandishwi na gundi pande zote. Inakaa kwenye mfereji wa fremu inacheza, ikivimba ina pa kwenda. Ukiibana kwa gundi na misumari, itajipasulia njia.

ZUHURA: Rama, turudi kwenye simu.

RAMA: Tunarudi. Ila hii ya kukausha nimalizie, maana watu wanaibiwa. Kanuni ya zamani ya maseremala: unene wa inchi 1, mwaka 1. Kivulini, siyo juani, zimepangwa na vijiti katikati ili hewa ipite, na ncha zimepakwa rangi, maana maji hukimbilia kwenye ncha na hapo ndipo mbao inapoanza kuchanika. Zipo tanuri za kukaushia, hizo zinafupisha mwaka uwe wiki kadhaa. Sasa fundi wa kibanda atapata wapi tanuri?

ZUHURA: Mwaka 1? Mimi aliniambia wiki tatu!

RAMA: Kwa sababu mbao inatakiwa iwe imeshakauka kabla wewe hujafika.

ZUHURA: Haya! Umeona? Umeniunga mkono mwenyewe. Yeye alichukua pesa yangu, zaidi ya nusu ya bei, akaenda kununua mbao mbichi, akaniambia wiki tatu. Na alijua.

RAMA: Alijua. Lakini dada, fikiria mbao za akiba. Mbao iliyolala mwaka ni pesa iliyolala mwaka. Mwenye ghala kubwa anaweza. Huyu wetu mtaji wake ni advansi yako. Hata mashine ya kuranda si yake, anabeba mbao zako mpaka kwa mwenye mashine, anapanga foleni, umeme ukikatika anarudi nazo kesho. Na hicho kitanda alichokuwa anapiga msasa, huenda mwenyewe alilipa kabla yako, pesa yake ikanunua mbao za mtu mwingine, na ya kwako ndiyo imemalizia kitanda.

ZUHURA: Na ya nani itamalizia kabati langu?

RAMA: Ya atakayekuja.

ZUHURA: Asipokuja mtu?

RAMA: Ndiyo hapo anapogeuza simu kifudifudi.

ZUHURA: Sasa hapo ndipo tunapoachana. Umasikini wa mtaji nimeuelewa, na sina ugomvi nao. Mama yangu alishona nguo za watu miaka mingi, najua pesa ya kazi hii inavyolipia kazi ile. Lakini mama alikuwa akichelewa anamtuma mtoto kwenda kusema. Mtoto mwenyewe ni mimi. "Kamwambie mama fulani gauni halijaisha." Nilikuwa natukanwa mimi, mtoto, lakini mtu anajua alipo. Kusema hakuhitaji mtaji.

RAMA: Kunahitaji. Mama alikuwa na wewe. Fundi huyu yuko peke yake: ndiye mnunuzi, ndiye seremala, ndiye anayepokea wateja. Mkono uko kwenye msumeno. Na kila simu anayopokea ni ugomvi.

ZUHURA: Ugomvi ni kwa sababu haipokei!

RAMA: Niambie ukweli, dada. Siku ya kwanza kabisa angekwambia, "Sina mbao kavu, ninunue leo, kabati baada ya miezi sita." Ungetoa pesa?

ZUHURA: Ningetoa.

RAMA: Usingetoa.

ZUHURA: Ningetoa, Rama.

RAMA: Ungevuka mpaka kibanda cha jirani, ambaye angekwambia wiki tatu. Mzee wangu aliwaambia watu ukweli na nikawaona wanavuka. Nilikuwa nimekaa pale nakusanya maranda, nawaona. Wanavuka, wanatoa advansi kwa jirani, na baada ya miezi mitatu wanakuja kwa mzee kumlalamikia jirani. Sisi tulikuwa tunalala na mbao zetu kavu na njaa yetu.

ZUHURA: Pole. Nasema kwa moyo, pole. Lakini wale si mimi. Huwezi kunihukumu kwa watu waliomkimbia baba yako. Mimi nina mama mwenye umri, nilikuwa naweza kusema mama, kabati ni mpaka baada ya Iddi kubwa, tununue kwanza ile ya kitambaa ya zipu. Angekuwa amepanga maisha yake. Alichoninyima fundi ni hicho. Kabati naweza kulisubiri.

RAMA: Wateja wote wanasema wangesubiri, wakishasubirishwa.

ZUHURA: Basi unasema uongo wa wiki tatu ni halali?

RAMA: Sijasema halali. Nasema tumeununua sisi, kwa kumlipa anayeusema.

ZUHURA: Mimi nimenunua kabati. Na sheria iko upande wangu: Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, hata makubaliano ya mdomo ni mkataba. Yaani bila karatasi bado nina haki.

RAMA: Kweli. Mpeleke Mahakama ya Mwanzo. Halafu? Mbao itakauka kwa hukumu?

ZUHURA: Sitaki ikauke kwa hukumu, nataka aseme! Asubuhi mara moja, kabla hajashika msumeno: "Dada, bado." Meseji moja.

RAMA: Na jioni utamuuliza "bado mpaka lini," na jibu hana, kwa sababu jibu liko ndani ya mbao. Njia ninayoiona mimi ni usitoe advansi ya kitu kizima. Nunua mbao mwenyewe, zikae kwako, umlipe ufundi tu.

ZUHURA: Nitazipanga wapi mbao za mwaka mzima, kwenye vyumba viwili? Na nitajuaje hii ni ya nje ya mti au ya ndani? Hiyo ni kunifanya mimi ndiye fundi.

RAMA: Weupe nimekuonyesha. Na ukavu unapima. Hiki kipande kipeleke dukani kwenye mizani ya sukari, kipime, uandike. Wiki ijayo kipime tena. Kikipungua uzito, bado kinakauka. Ukiona kinabaki palepale wiki hadi wiki, hicho kimetulia na hewa ya mjini.

ZUHURA: Hilo nitalifanya leo. Lakini sijakubali ulilosema.

RAMA: Sikutegemea ukubali. Na mimi sijakubali la kwako.

ZUHURA: Naambiwa kwa ishara hapa kwamba dakika zimeisha. Mambo matatu je? Hatujasoma hata moja.

RAMA: La kwanza lilikuwa nini?

ZUHURA: "Muulize mbao zake ziko wapi, akuonyeshe." La pili sijui nimeandika nini, karatasi umeiwekea mbao juu.

RAMA: Yaache, muda hakuna. Wenye makabati, vitanda na meza zilizokwama, tutumieni sauti fupi. Na mafundi pia, jamani. Mafundi zaidi. Tunataka kusikia kwa nini hampokei.

ZUHURA: Hasa wa Keko.

RAMA: Dada, nikuombe kitu. Amekwambia upite lini?

ZUHURA: Ijumaa ya wiki ijayo.

RAMA: Basi usimpigie mpaka hiyo Ijumaa. Mwache mtu afanye kazi.

ZUHURA: Nitampigia Jumatano.

RAMA: Dada Zuhura…

ZUHURA: Jumatano asubuhi. Na asipopokea, nitapiga mchana.