Desemba ya Bibi: Kati ya Usharika na Kihamba

Bwana Yesu asifiwe. Mama zangu, dada zangu, na ninyi akina baba mliotusindikiza, asanteni kwa kunipa nafasi. Nimeombwa nizungumzie huduma ya uinjilisti kwa mwanamke mzee msimu huu wa Krismasi. Nitasema wazi ninachoamini: bibi anayehudumu haiibii familia yake chochote. Shida ni kwamba kanisa na familia, wote wawili, wanamchukulia kama mtu asiye na ratiba.

Itazameni Desemba yetu hapa Kilimanjaro. Ikifika tarehe 20 hivi, mabasi ya Dar es Salaam yanashusha watu Moshi usiku na mchana. Watoto, wakwe, wajukuu, wote wanapanda kihambani, kwenye shamba la nyumbani la ukoo. Nani ameamka alfajiri kumenya mshare, ndizi za kupikia supu ya mtori, mpaka vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu? Bibi. Nani anajua mbuzi yupi ni wa ndafu, yule wa kuchomwa mzima, na mgeni yupi hali nyama? Bibi. Na mwezi huohuo usharika una ubatizo, harusi, mazoezi ya kwaya, wagonjwa wa kutembelewa na safari za uinjilisti kwenye mitaa ya tambarare. Anaitwa nani? Mama yuleyule mwenye goti linalouma, kwa sababu anajua kuomba na hajazoea kukataa.

Huduma hii ina mizizi. Wamisionari wa Leipzig walianza kazi Machame mwaka 1893. Wajerumani hao walipoondolewa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kanisa halikufa, maana walimu na wazee wenyeji walilibeba. Kanisa letu la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) lilipoundwa mwaka 1963, lilirithi kazi ambayo watu wa hapa walikuwa wameishika kwa mikono yao. Na mimi nasadiki kwamba sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanyika jikoni, mama akifundisha watoto sala huku chungu kikiwa motoni.

Hata katika habari ya Krismasi yumo mwanamke mzee. Luka anamtaja Ana binti Fanueli, mjane wa miaka 84, aliyekuwa hekaluni usiku na mchana. Wengine humtumia Ana kumwambia bibi aache nyumba. Lakini Paulo anapomwandikia Timotheo, anakumbuka imani iliyokaa kwanza kwa bibi yake Loisi. Loisi alikuwa mmisionari wa mtu wa nyumbani mwake. Maandiko yana nafasi kwa wote wawili, basi tusimlazimishe bibi kuchagua.

Mwaka jana nilikwenda na mjukuu wangu kumwona mzee mmoja aliyelala kitandani muda mrefu. Mtoto amezaliwa mjini, Kichaga hakijui. Nikampa Biblia asome Luka 2. Alisoma polepole, kidole kikifuata mistari, na yule mzee, macho kayafumba, akawa anayatangulia maneno. Mtoto akaacha kusoma, akamtazama. Halafu akaendelea, safari hii wakisema pamoja. Tuliporudi ndafu ilikuwa imeiva bila mimi, wanangu wameigeuza wenyewe. Ile saa niliyolitolea kanisa nilikuwa pamoja na familia yangu.

Kwa hiyo ninyi vijana mnaorudi nyumbani, msifike mikono mitupu mkingoja mama awapikie wiki nzima. Changeni mapema, tafuteni mtu wa kusaidia jikoni, mmlipe vizuri. Muulizeni mama siku zake za huduma kabla hamjapanga sherehe. Nanyi wazee wa kanisa, ratiba itoke Novemba, nauli itoke kwenye mfuko wa usharika, na mama akisema siku fulani hawezi, asionekane amepoa kiroho.

Tena msimu hauishi tarehe 25. Unakwenda mpaka Epifania, Januari 6. Mwaka mpya ukipita magari yanateremka, nyumba zinabaki kimya, na hapo ndipo mgonjwa na mjane wanaumia zaidi, kwa maana sauti zote zimeondoka kwa mpigo. Bibi naye wakati huo mikono yake imepumzika. Naiomba kamati ya uinjilisti isogeze safari ya tambarare iwe wiki hiyo. Jina langu andikeni la kwanza.